Uchovu wa Kujificha

Maneno haya niliyasema Jumamosi mbele ya wazazi, wahudumu wa afya wa mitaani, washauri nasaha na wenzangu transjenda, katika ukumbi mmoja kisiwani Mombasa. Wengi hawakuweza kuja, na wengine walifika mpaka getini wakaogopa kuingia. Nayaweka hapa yote kwa ajili yao. Ukumbi siutaji, na sababu mnaijua.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na asiyetaka ya msikiti wala ya kanisa, hamjambo?

Asanteni kwa kuja na joto hili. Feni mbili zinazunguka, ya tatu imegoma, kwa hivyo wazee mliokaa upande ule mkitaka kusogea sogeeni, hatutasema mnakimbia hotuba.

Wengi wenu mnanijua kwa cherehani. Nashona magauni ya harusi. Kuna akina mama humu ndani nimewapima viuno miaka nenda miaka rudi, na hawakujua kwamba nilipozaliwa niliandikwa mvulana. Leo mmejua. Sasa niambieni, lile gauni la bibi harusi limeacha kumkaa? (Kicheko.) Halijaacha. Basi tuendelee.

Kwanza tuelewane, kisha tusirudi tena huko. Mtu transjenda ni yule ambaye jinsia anayoijua nafsini mwake siyo aliyoandikiwa siku ya kuzaliwa. Huntha ni jambo lingine: huyo kazaliwa na mwili ambao maumbile yake hayakuelekea wazi upande mmoja. Huntha serikali imeanza kuwaona. Sensa ya 2019 iliwahesabu ikapata watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja watoto huntha waziwazi. Sisi hatukuhesabiwa. Na habari ya nani anampenda nani ni jambo la tatu kabisa, lisilo na uhusiano na mavazi yangu. Nimesema haraka kwa sababu sikuja kufundisha darasa la sayansi.

Wahudumu wa afya, nyinyi mna swali lenu na huwa mnaniuliza pembeni: je, huu ni ugonjwa wa akili? Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha mpya ya magonjwa mwaka 2019, ile ya 11, iliyoanza kutumika Januari 2022, liliitoa hali yetu kwenye sura ya matatizo ya akili likaipeleka kwenye sura inayohusu afya ya mambo ya kijinsia. Kwa nini hawakuifuta kabisa? Kwa sababu mtu akihitaji homoni au upasuaji, daktari lazima awe na kitu cha kuandika kwenye faili. Hiyo tu.

Basi kama si ugonjwa wa akili, nimekuja kuzungumzia afya ya akili kwa nini? Kwa sababu tunaugua. Tunaugua sana. Nimekaa na wenzangu usiku mwingi, nimezika baadhi yao, na naona chanzo ni kimoja: kujificha kunachosha. Kunachosha mwili, kunachosha akili, na mtu aliyechoka namna hiyo hufika mahali akataka kupumzika kwa njia yoyote ile.

Kuna kijana anauza viazi na vitunguu soko la Kongowea. Alizaliwa akaandikwa msichana, ni mwanamume. Kila alfajiri anafunga kifua kwa bendeji ya hospitali, raundi kwa raundi, anavaa fulana, anavaa shati juu yake, anakwenda kubeba magunia. Januari! Nyinyi mnaijua Januari ya Kongowea. Na tangu atoke nyumbani hadi magharibi hanywi maji. Hata tone. Nilimuuliza, mwanangu, mchana kutwa akili yako inawaza nini? Nilidhani ataniambia pesa, au mapenzi, au mama yake. Akaniambia, "Choo."

Choo. Akiingia cha wanaume atajulikana. Akiingia cha wanawake atapigiwa kelele. Kwa hivyo hanywi maji. Mwisho alipata maambukizi ya njia ya mkojo yaliyompandisha homa akalazwa, na hata hapo wodini alikuwa anabana. Daktari alitibu maambukizi, akamwandikia kwenye karatasi anywe maji mengi. Mengi ayanywe wapi, daktari? Nani aliyemuuliza kwa nini hanywi?

Kwa wenzetu wanaofunga kifua niseme hili kabla sijasahau, maana nimeona mbavu zikiumia: bendeji haifai. Kila ukipumua inazidi kukaza. Tafuta fulana iliyoshonwa kwa kazi hiyo, usikae nayo zaidi ya muda wa saa nane kwa siku, na usilale nayo. Mimi nazishona. Bei tutaelewana.

Turudi kwa kijana wetu. Hicho choo ni kimoja tu katika hesabu zake za siku. Ahesabu sauti isipande akicheka. Ahesabu anavyotembea. Mlangoni mwa supamaketi ahesabu askari yupi atampapasa, wa kike au wa kiume. Akituma pesa kwa simu, jina la kwenye kipande, yaani kitambulisho, linajitokeza kwenye simu ya mteja, na mteja anainua macho amtazame upya. Nyinyi wengine mnatoka nyumbani mkiwaza kama mvua itanyesha. Yeye anawaza kama leo ndiyo siku. Mwili uliokesha macho mchana kutwa haulali usiku. Usipolala wiki, mwezi, mwaka, unakuwa na hasira, huli, huna hamu ya chochote, na mtu anakuletea muguka, yale majani ya kutafuna, au vidonge vya kukusaidia. (Kelele zote zile za 2024 za kupiga marufuku muguka hapa Mombasa, sikusikia hata mmoja akiuliza watafunaji wanakimbia nini.)

Wasomi wana maelezo ya jambo hili. Mwaka 2003 Ilan Meyer, mtafiti wa Marekani, aliandika kwamba watu wa kundi dogo linalodharauliwa hubeba msongo wa ziada juu ya msongo wa maisha wa kila mtu: kutendewa vibaya, kutarajia kutendewa vibaya, kujificha, na mwisho kuyaamini yale wanayosemwa. Yeye alikuwa akizungumzia watu wa mapenzi ya jinsia moja, baadaye watafiti wengine wakaona yanatuhusu na sisi. La mwisho ndilo baya kuliko yote. La mwisho ni pale ambapo hakuna tena mtu wa kukutukana chumbani, mlango umefungwa, na matusi bado unayasikia.

Na si kwamba tunaogopa bure. Eldoret, mwaka 2019, mwanamke transjenda alikamatwa kwa madai ya kujifanya mtu mwingine. Akavuliwa nguo, akapekuliwa, akapimwa bila ridhaa yake ili ijulikane ni "nani". Ilichukua hadi Agosti 2025 kwa Mahakama Kuu kusema haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 1, ikaitaka serikali iweke sheria ya kutulinda. Na hapa kwetu, Machi 2018, Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa ilisema ni haramu kumpima mtu sehemu za siri kwa nguvu ili kupata ushahidi wa mambo ya faragha. Wahudumu wa afya, nawaomba mshike hilo. Askari akikuletea mtu akwambie "mpime tujue ni nini", una haki ya kukataa. Na unapaswa kukataa.

Sasa jina.

Mwanamke mmoja wa Changamwe alikwenda kliniki na homa. Amevaa dera, amejitanda leso, amekaa benchi na akina mama wenzake wanazungumza habari za watoto. Karani akatoka na faili, akaita jina la kiume. Kimya. Akaita tena, kwa sauti zaidi. Kimya. Mara ya tatu akasema, "Huyu bwana yuko wapi, anatupotezea wakati!" Mwanamke yule akainuka taratibu, akachukua mkoba wake, akatoka nje. Alirudi nyumbani na malaria yake. Alipokuja kwangu usiku alikuwa hajiwezi.

Tulimpeleka kwingine. Muuguzi wa pale alikuwa na desturi ya kuita namba. "Namba 14, ingia mwanangu." Basi. Hakuhudhuria semina, hakubandika bango ukutani. Nilimuuliza kwa nini anaita namba, akaniambia ni kwa sababu ya wagonjwa wa HIV, wasijulikane na majirani. Heshima aliyoiweka kwa ajili ya wengine ikatufunika na sisi.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya vijana transjenda 129. Waliwauliza: jina ulilojichagulia, unaitwa wapi? Nyumbani? Shuleni? Kazini? Kwa marafiki? Wakaona kwamba kila mahali pamoja palipoongezeka, mawazo ya kujiua yalikuwa pungufu kwa asilimia 29, na vitendo vya kutaka kujiua pungufu kwa asilimia 56. Najua yuko atakayesema vijana 129 ni wachache, na Marekani si Mombasa. Ni kweli. Lakini nambieni, kujaribu kutatugharimu nini? Dawa gani nyingine mnaijua isiyouzwa, isiyoisha stoo, na inayoweza kutolewa na nyanya asiyejua kusoma?

Kwa upande wa sheria, kubadili jina Kenya hakuna miujiza. Mtu mzima anaandikiwa hati na wakili, hati inasajiliwa, inatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, kisha unaibeba kwenda nayo kwenye ofisi za vipande, benki, kampuni ya simu. Inachosha, ina gharama, lakini ni njia ya halali na watu wa kila namna huipita. Kilicho kigumu ni ile herufi ya jinsia. Hapo ndipo lazima nimtaje Audrey Mbugua, ambaye wengi mmemwona kwenye televisheni. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye jina la kiume, na kila alipokipeleka kutafuta kazi ilikuwa ni kujieleza upya. Akalishtaki baraza la mitihani. Oktoba 2014 Mahakama Kuu Nairobi iliamuru apewe cheti chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsia. Fikirini. Aliyefaulu hesabu amefaulu hesabu. Herufi ya jinsia ilikuwa inafanya kazi gani pale?

Lakini sitaki mtu atoke hapa akidhani nawaambia vijana wakajitangaze. La. Hapa natofautiana na wenzangu wengi, na wengine wamekaa mstari wa mbele wananitazama.

Vijana wetu wanafungua simu wanaona watu wa London, wa Cape Town, wanaona hata wa Nairobi, wametabasamu, wameandika "mimi ndimi". Wanadhani kuishi kwa ukweli ni hivyo, na kwamba asiyefanya hivyo ni mwoga. Binti mmoja wa Mtwapa aliandika usiku. Aliandika vizuri, nililia nikisoma. Asubuhi mwenye nyumba alikuwa ameshatoa godoro lake nje, na kaka zake wako njiani kutoka Malindi. Tulimtoa kwa tuktuk, na jiko lake tukaliacha.

Ukweli wako ni wako kwanza. Kisha ni wa wale waliokuonyesha kwamba wataubeba. Huna deni la kuueleza ulimwengu mzima. Sisi watu wa Pwani tumelelewa na stara. Mama yangu hakuwa mwongo kwa sababu hakuwaeleza majirani kilichomo chunguni mwake. Kuna mtu ambaye kazini anaitwa jina la kipande, jioni kwa dada yake anaitwa jina lake, na anaishi vyema miaka yote. Nani wa kumwambia haishi kwa ukweli?

Kwa hivyo kijana akinijia akaniambia, shangazi nataka kusema, simuulizi kama ana ujasiri. Namuuliza: wakikufukuza utalala wapi? Utakula nini? Nani atakuja kukuchukua, na ana namba yako? Akiwa na majibu, tukae tuandike maneno pamoja. Akiwa hana, tutafute majibu kwanza. Mji huu tunaujua. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliruhusu shirika la kutetea haki za watu wa mapenzi ya jinsia moja lisajiliwe, na Septemba mwaka huo watu waliandamana humu Mombasa kupinga. Siku ile mimi nilikuwa nashona shela la binti wa mmoja wa waandamanaji. Alikuja kulichukua jioni, koo limemkauka kwa kupiga kelele, nikampa maji ya baridi. Alilipa chote. (Kicheko.) Mnacheka, lakini hayo ndiyo maisha yetu hapa, watu hao hao ndio wateja, ndio majirani, ndio wajomba.

Na wajomba hao ndio wanaoamua tiba. Mtoto akianza kuonekana tofauti, jambo la kwanza nyumba nyingi hufanya ni nini? Kuna wanaompeleka kuombewa usiku kucha, kuna wanaoita wa kusoma na kombe, aya zilizooshwa kwa maji, linywewe, kuna wanaompunga pepo. Sisemi msiombe. Kisomo kimenituliza mimi mwenyewe usiku ambao hakuna kilichonituliza. Nasema hivi: ikiwa mtoto amefungwa kamba, amenyimwa chakula, amepigwa ili kitu kimtoke, hiyo si dua tena, na kitakachomtoka ni imani yake kwenu. Na kumwoza kwa haraka "atazoea" ni kuwatesa wawili badala ya mmoja. Yule mke au mume aliyeletwa amekosa nini?

Tazameni dalili hizi. Hali chakula alichokuwa akikipenda. Halali, au analala mchana kutwa. Haogi. Amejitenga. Anagawa vitu vyake, simu kwa mdogo wake, viatu kwa rafiki. Anasema "mtapumzika nami". Mkiona hayo msingoje. Muulizeni, kwa maneno waziwazi: unafikiria kujiua? Watu wanaogopa kwamba kuuliza kutamtia wazo. Hakumtii. Kwa wengi ni mara ya kwanza mtu kuwapa nafasi ya kulisema. Akisema ndiyo, usihutubie. Usimwambie ni dhambi, anajua inavyosemwa. Kaa naye. Toa vidonge, toa sumu ya panya, toa kilichopo karibu. Usimwache peke yake usiku ule. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure na kuna watu wa kuzungumza naye. Hospitali ya Port Reitz ina wodi ya akili. Mpeleke, na ubaki naye foleni, usimtupe hapo ukarudi dukani.

Wengine walikuwa wanaogopa hospitali kwa sababu ya polisi, na walikuwa na haki. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa, na angeweza kufungwa hadi miaka 2. Mtu anaokolewa kifo, anaamkia pingu! Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kawaambieni watu mitaani, maana habari hii haijafika Mishomoroni wala Likoni. Bado kuna wanaomficha mgonjwa wao ndani kwa kuogopa kituo cha polisi.

Na vidonge. Dada zangu, nazungumza nanyi. Najua mnanunua vidonge vya kupanga uzazi dukani mnameza vinne, vitano kwa siku ili mwili ubadilike upesi. Mwili haubadiliki upesi kwa hivyo. Homoni iliyo kwenye vingi vya vidonge hivyo ikizidi huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na ukivuta sigara hatari inapanda zaidi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, hiyo ni ya hospitali usiku huo huo. Kuna madaktari wanaopima damu kwanza, wakatoa kipimo kinachofaa, wakafuatilia. Ni wachache, tunawajua, tuulizeni. Na asiyetaka homoni wala kisu chochote si pungufu. Wako wengi.

Sasa niwasimulie la matanga, kisha nimalize na washauri.

Mwenzangu mmoja alifiwa na baba. Alikuwa hajakanyaga nyumbani kwao muda mrefu, na kwao ni Mji wa Kale, nyumba za ukoo, kila dirisha lina macho. Mnajua misiba yetu ilivyo. Wanaume nje barazani, wanawake ndani. Wanaume ndio waendao makaburini. Kila kitu kimegawanywa, na hakuna kiti cha katikati. Alinipigia simu akiwa Mwembe Tayari, amesimama tu, hajui aende au arudi. Akaniambia, "Nikikaa nje nitakuwa namzika baba nikiwa mwongo. Nikiingia ndani watamsahau maiti wanitazame mimi."

Nilimwambia aende. Sikuwa na neno lingine, na nilipokata simu nilijuta. Nilibaki na mkasi mkononi sikuweza kukata kitambaa.

Alikwenda. Alisimama mlangoni, na baraza ikanyamaza. Kaka yake mkubwa akainuka. Hapo shangazi yao, dada wa marehemu, mwanamke mzee asiyeona vizuri, akatokeza kichwa kutoka uani akasema kwa sauti ya kugombeza: "Umekawia! Nazi zote hizi nizikune mie? Njoo huku." Akampa mbuzi ya kukunia, akampa nazi. Akakaa akakuna. Wanawake wakapanga sahani, wengine wakanuna, mmoja akatoka. Shangazi akaendelea kuagiza chumvi. Hakumtetea kwa hotuba. Hakusoma makala. Alimpa kazi, mbele ya watu, kazi ambayo kwa desturi yetu ina mahali pake, na kwa kumpa kazi akampa mahali. Kaka aliketi chini tena. Angefanyaje? Atagombana na shangazi siku ya maziko ya baba?

Mwenzangu yule alikuwa na dozi ya vidonge kabatini, ameviweka akiba. Aliviweka kwa ajili ya siku ambayo angefukuzwa kwenye maziko ya babake. Aliniletea mwenyewe wiki iliyofuata, nikavimwaga.

Kila ukoo una shangazi kama yule. Nawatazama hapa, wengine ni nyinyi. Mna mamlaka ambayo wakili hana.

Yuko atakayeniuliza habari ya dini, basi nijibu mapema. Mimi si mwanachuoni. Najua tu kwamba Iran, miaka ya 1980, Ayatollah Khomeini alimpa Maryam Khatoon Molkara fatwa ya kumruhusu kubadili mwili wake, na tangu hapo upasuaji huo hufanywa kule kwa idhini ya serikali. Nchi hiyo hiyo inaweza kumnyonga mtu wa mapenzi ya jinsia moja, kwa hivyo siwauzii Iran kuwa ni peponi. Ninachosema ni kwamba wanaosema jambo hili halikuwahi kujadiliwa na wanavyuoni hawajasoma.

Washauri nasaha, nyinyi wa mwisho, na nitawasema kwa mapenzi. Nilipofiwa na mama nilikwenda kwa mshauri. Nilitaka kumlilia mama. Aliniuliza nilijijua lini, kama nimefanyiwa upasuaji, kama nitafanyiwa, na babangu alikuwa mtu wa namna gani. Saa ikaisha. Mamangu hakutajwa. Nililipa, nikaenda kulilia kwenye tuktuk. Jamani, sisi pia tunafiwa. Tunaachwa na wapenzi, tunadaiwa kodi, tuna wateja wasiolipa, tuna kisukari. Akija mtu transjenda kwako muulize kilichomleta, kisha mngoje ajibu. Kama ni jinsia yake, atasema. Kama ni mume wake mlevi, basi zungumzeni habari ya mume mlevi.

Na mjue mnamwambia nani siri za mteja. Nimesikia ya mteja yakizungumzwa kwenye kibanda cha viazi karai nje ya ofisi, na kwa alama zilizotajwa nilimjua mtu mara moja.

Haya. Wakili amekaa meza ya kushoto kwa wanaotaka kuuliza habari ya hati za majina, hatozi chochote leo. Wauguzi wawili wako chumba cha nyuma, mlango unafungwa kwa ndani. Mahamri na mbaazi zitakuja tukishamaliza maswali, na msijaze mifuko. Mama yule wa nyuma mwenye mtandio wa kijani ameinua mkono tangu nilipotaja Iran na hajaushusha. Mpeni kipaza sauti, tuanze na yeye.